Stesheni ni Nini Mahali Pasipo Reli?

Butembo, mashariki mwa Kongo, ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Hakuna hata moja iliyowahi kupitiwa na reli. Mtu wa Kimemi anayetaka kwenda Beni, Kasindi au Goma huenda pakingi, anauliza motokari gani inatangulia, anabishana kidogo juu ya bei, kisha anangoja ijae. Neno gare nalo lipo, limekuja na Kifaransa cha shule, lakini ni neno lisilo na kazi, kwa kuwa treni yenyewe haipo.

Stesheni iliyo karibu nasi kuliko zote upande wa mashariki iko nje ya nchi. Ni Kasese, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi na Mpondwe. Reli ilifika pale mwaka 1956 kutoka Kampala, na kilichoivuta ni shaba ya machimbo ya Kilembe. Miaka ya 1990 treni zikaacha kwenda, nyasi zikaota katikati ya vyuma. Kwa upande wa Kongo, ukipanda kaskazini na kupita msitu wa Ituri, kulikuwa na Mungbere, mwisho wa reli nyembamba ya Vicicongo, ambayo vyuma vyake viwili viliachana kwa milimita 600 tu. Kampuni hiyo ilianzishwa 1924 na reli yake ikafika Mungbere 1937. Jina lake linanifurahisha: vicinal ni neno la Kifaransa kwa njia ya kuunganisha majirani. Ilikuwa reli ya ujirani, ila jirani huyu hakufika kwetu.

Kwa nini basi mtu wa Kimemi asumbuke na istilahi ya kitu asichokuwa nacho? Sababu ya kwanza ni biashara. Butembo inaishi kwa bidhaa zinazoshuka melini Mombasa, zikapita Nairobi, Malaba na Kampala, zikavuka Mpondwe na kulipiwa forodha Kasindi. Kwenye njia hiyo yote watu wanaongea Kiswahili, na maneno ya reli yamo katika karatasi na katika simu za wafanyabiashara wetu kila wiki. Sababu ya pili nitaifikia mwishoni, maana ni ya siku zijazo.

Nianze na neno ambalo walimu wengi wangelichagua bila kufikiri: kituo. Ni neno zuri, na ni letu. Limetoka katika kitenzi kutua, na kutua ni kuweka chini au kushuka, iwe mzigo wa kichwani au ndege kwenye tawi. Enzi za misafara ya pwani kwenda bara, kituo kilikuwa pale mpagazi alipotua mzigo wake, kwa sababu ya maji, ya kivuli, au ya soko la vyakula. Washairi nao walilichukua: mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, kwa kuwa hapo sauti inapumzika. Sijui neno jingine la usafiri lililoingia katika sanaa yetu kwa heshima namna hiyo.

Lakini kituo limechoka. Tunasema kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha mafuta, kituo cha redio, kituo cha kupigia kura, kituo cha watoto yatima. Kila ofisi isiyokuwa na jina imepewa hilo. Na kwa watu wa Butembo na Beni kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa kamusi wa Dar es Salaam hawezi kulihisi. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, wakati wa Ebola, tulisikia redioni na kuona kwenye mabango maneno kituo cha matibabu. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Nyumba nyingi hapa zina mtu aliyepelekwa kituoni asirudi. Neno halisahau upesi hivyo, hata likirudishwa kwenye kazi yake ya zamani ya kumpumzisha mpagazi.

Gare tena. Nilidhani ni neno la chuma na moshi tangu kuzaliwa kwake, kumbe ni la maji. Katika Kifaransa cha zamani gare ilikuwa sehemu pana ya mto au mfereji ambapo mashua zilijitenga ili nyingine zipite. Treni ilipoingia Ulaya karne ya 19, ikalirithi neno la mabaharia wa mito. Hilo lilinifanya nitazame maneno yetu wenyewe ya reli kwa jicho jingine, na nikakuta jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: Kiswahili nacho kiliijenga treni kwa mbao za jahazi.

Chukua taruma. Mafundi wa pwani waliita mataruma mbao za ndani zinazokaza ubavu wa chombo cha baharini. Reli ilipoanza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896, zile mbao na vyuma vinavyolala chini ya reli kwa kukatisha vikaitwa mataruma. Anayekaza ubavu wa chombo na anayekaza njia wanafanya kazi moja. Chukua nauli: neno hilo lilipitia Kiarabu, na nyuma ya Kiarabu kuna Kigiriki, na maana yake ya mwanzo ni malipo ya kusafirishwa kwa chombo. Chukua abiria: ni yule anayeabiri, anayevuka maji. Na kupakia na kupakua, tunavyofanya leo kwa lori la Kasindi, ni kazi za pwani, za mashua na meli, kabla ya kuwa za nchi kavu. Hata leo, serikali inapojenga mahali pa kontena mbali na bahari, Kenya na Tanzania zinaita bandari kavu. Hakuna aliyeona ajabu. Treni kwa Mswahili ni chombo kilichopanda ufukweni.

Behewa lina njia yake. Hilo limetoka nyumbani, si baharini. Katika nyumba za pwani behewa ni ukumbi au ua wa ndani, na asili yake ni neno la Kiarabu bahw, ukumbi. Gari lenye paa, madirisha na watu wamekaa wakitazamana likaitwa behewa, na mimi naona hakuna jina lililotolewa kwa akili zaidi katika reli yote. Sisi tunaosema wago kwa kufuata wagon ya Wafaransa tumepoteza kitu. Wago ni sanduku lenye magurudumu. Behewa ni sebule inayokwenda.

Kwa hiyo lugha ilikuwa na uwezo. Ilipata taruma, nauli, abiria, behewa, karakana. Mbona basi ikakopa reli, treni, injini, tikiti na stesheni? Nadhani ilikopa pale ambapo kitu chenyewe kilikuwa kipya kwa kweli. Mataruma yalikuwa na ndugu baharini. Lakini mahali ambapo chombo husimama kwa sababu saa imefika, hata kama hakuna anayeshuka, pwani haikuwa napo. Jahazi husubiri upepo. Msafara hutua penye maji. Daladala na motokari ya pakingi huondoka ikijaa. Treni peke yake ndiyo ilikuja na ubao wa saa, mtu wa bendera, na sharti kwamba msafiri ndiye anayengoja chombo. Hicho ndicho kilichoitwa stesheni, na ndiyo maana kituo hakikutosha.

Naongeza angalizo, maana hoja hii isiwe safi kupita ukweli. Injini za mvuke nazo zilikunywa maji. Stesheni nyingi ndogo kati ya Mombasa na Kisumu, njia iliyojengwa na Wahindi zaidi ya 30,000 na kufika ziwani Desemba 1901, ziliwekwa pale kwa kiu ya injini, jinsi misafara ilivyochagua penye kisima. Baadhi ya majina yake ni hadithi kamili. Sultan Hamud ina jina la Sultani wa Zanzibar, Hamud bin Mohammed, aliyekuja kuitazama reli ikiwa bado inajengwa. Kima inasimuliwa vibaya: mwaka 1900 afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alivutwa na simba kutoka kwenye behewa alimokuwa akimvizia huyohuyo simba, na watu wa mizaha wakadai stesheni iliitwa Kima kwa ajili ya nyama iliyosagwa. Haiingii akilini. Kima ni tumbili pia, na jina la mahali haliwezi kungoja simba. Behewa lenyewe lipo mpaka leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Stesheni kubwa hazinisaidii katika suala hili la neno. Stesheni kubwa huwa na jina la rais, hotuba na jiwe la msingi. Neno huishi kwenye stesheni ndogo, ya pembeni ya mji, ambapo watu wanapita kila asubuhi na kila jioni na hawana muda wa kuita kitu kwa jina refu. Dar es Salaam ilipoanzisha treni ya mjini mwishoni mwa Oktoba 2012, wananchi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na mahali pake pa kusimama pakabaki na majina ya mtaa: Buguruni kwa Mnyamani, Tabata Relini, Ubungo Maziwa. Mwisho wake upande wa katikati ya jiji unaitwa Stesheni, basi, bila sifa yoyote. Ukisema Stesheni mbele ya mtu wa Dar hakuulizi stesheni ya nini. Njiani reli hiyo inapita Kamata, na hapo mtu wa Butembo lazima atabasamu, kwa kuwa kwetu mtu hukamata basi na kukamata ndege, kwa kufuata Kifaransa. Kamata ya Dar haikutokana na kitenzi hicho hata kidogo. Ni kifupisho cha Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Reli inapita mahali palipopewa jina na basi.

Lakini stesheni ndogo ninayoipenda kuliko zote, kama mpenda maneno, ni Syokimau. Iko kusini mashariki mwa Nairobi, ndani ya Kaunti ya Machakos, upande wa barabara ya Mombasa. Rais Mwai Kibaki aliifungua tarehe 13 Novemba 2012. Haikuzaliwa na kiu ya injini, wala na shaba. Ilizaliwa na msongamano wa magari. Watu waliojenga nyumba nje ya jiji walikuwa wakikaa barabarani saa nzima au zaidi kufika kazini, ndipo ikaonekana wapewe uwanja mpana wa kuegesha magari yao, wapande treni, wafike mjini. Eneo la kuegesha ndilo moyo wa stesheni ile. Angalia mzunguko huo: pakingi yetu ya Kimemi ni mahali pa kuanzia safari ya motokari, pakingi ya Syokimau ni mahali pa kuiacha motokari ili safari ianze.

Na jina. Syokimau alikuwa nabii wa kike wa Wakamba katika karne ya 19. Masimulizi ya Wakamba yanasema aliona, kabla ya mzungu yeyote kufika kwao, nyoka mrefu akitoka majini na kutambaa nchini, na watu wa rangi ngeni wakiwa wamebeba moto mifukoni. Moto wa mfukoni watu wanaueleza kuwa viberiti. Nyoka hahitaji maelezo. Wanandi nao wana utabiri wa nyoka kama huyo kutoka kwa Kimnyole, kiongozi wao wa kiroho aliyeuawa 1890, na wakapigana na reli ya Mombasa mpaka kiongozi wao Koitalel alipouawa Oktoba 1905. Kwa hiyo mwaka 2012 serikali ilimjengea mwanamke aliyemwona nyoka mahali ambapo nyoka huyo husimama, akafungua milango, watu wakaingia tumboni na magazeti yao mikononi. Sidhani waliochagua jina walikusudia mzaha huo. Eneo lilikuwa na jina hilo tayari. Ila upo.

Miaka minne na nusu baadaye, tarehe 31 Mei 2017, reli mpya ya Mombasa ilifunguliwa na stesheni yake ya Nairobi ikajengwa upande huohuo wa Syokimau. Sasa watu wa pale walikuwa na mahali pawili pa treni na jina moja. Walifanya nini? Hawakungoja kamati. Ile mpya wakaiita terminas, au SGR kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, na ile ya kwanza ikabaki stesheni. Matatu nje ya lango husimama steji. Maneno matatu, mahali patatu, na hakuna anayepotea.

Hilo ndilo linaloniridhisha kuhusu Kiswahili cha miji: kinagawa kazi. Kenya ina steji kwa matatu na stesheni kwa treni. Tanzania ina kituo kwa daladala, stendi kwa mabasi ya mikoani, na stesheni kwa treni. Uganda wana paki kwa teksi zao. Sisi tuna pakingi. Mahali pa mabasi pamepewa majina matano tofauti katika nchi nne. Treni, popote Kiswahili kinapoikuta upande wa mashariki, inasimama stesheni. Sioni neno lolote la usafiri wa barabara lililokubaliwa na watu wengi hivyo bila kulazimishwa.

Gari la moshi halikuwa na bahati hiyo. Kamusi zinaling'ang'ania, huliunganisha kuwa garimoshi, na walimu wetu wanalifundisha kwa utii. Lakini moshi wa makaa uliondoka zamani, injini za dizeli zikachukua kazi, na Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha Dodoma ndani ya kiangazi hichohicho. Baadaye mwaka huo ikaja treni yenye pua ndefu, na watu wakaiita Mchongoko. Mchongoko hautoi moshi wowote. Kumwambia mtoto kwamba Mchongoko ni gari la moshi ni kumfundisha uongo wenye sarufi nzuri. Treni inatosha. Na hata gari, nusu ya kwanza ya neno hilo, ina asili ya Kihindi, kwa hiyo anayelitetea kwa sababu ya usafi wa lugha anatetea mgeni mmoja dhidi ya mwingine.

Ukitaka kujua kwa nini Kimemi haina neno lililokubaliwa, tazama nani aliitwa mezani. Kamati ya lugha iliyosanifisha Kiswahili ilianza kazi 1930 kwa niaba ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo. Kiswahili chetu kilikua na wafanyabiashara, wamisionari, askari na soko, kikakopa kwa Kifaransa pale wenzetu walipokopa kwa Kiingereza. Kinshasa wanasema engbunduka kwa treni, neno la Kilingala lenye sauti ya kishindo ndani yake, na tungeweza kulichukua kwa raha. Hatukulichukua, kwa sababu kishindo hicho hatukukisikia. Sioni aibu katika lolote kati ya hayo. Naona tu kwamba uamuzi wetu bado haujafanywa, na kwa hiyo bado ni wetu.

Hapa ndipo inapoingia ile sababu ya pili. Julai 2022 Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, marais wa Uganda na Kongo walikutana Mpondwe kuzindua kazi ya barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na Beni hadi Butembo, kilomita 54. Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, na katika ramani za sehemu ya magharibi ya reli hiyo kuna tawi linalokuja Mpondwe. Ramani si mataruma, na sisi wa Kivu ya Kaskazini tunajua ramani zinavyoweza kulala kabatini. Lakini reli ikifika Mpondwe, mfanyabiashara wa Kimemi atakuwa na stesheni saa chache kutoka dukani kwake, na karatasi za mizigo zitaandikwa Kiswahili.

Msimamo wangu basi, kwa watafsiri, walimu na watu wa forodha: pakingi ibaki pakingi, ni neno halali la mji huu na linafanya kazi yake. Gare ibaki katika Kifaransa chetu. Kituo kiachiwe mashairi na hospitali. Behewa lirudishwe, wago liondoke. Garimoshi liwekwe makumbusho, karibu na behewa la Ryall. Na mahali treni inaposimama, pawe padogo au pakubwa, andikeni stesheni, kwa herufi zilezile wanazotumia Dar es Salaam na Syokimau, kabla mtu mwingine hajatuandikia kibao cha lugha asiyoijua dereva wa lori.